Mwacheni mgonjwa amalize kusema

(Haya niliyazungumza mbele ya wanafunzi wa uuguzi na makaunsela vijana hapa Malindi, nimeyaandika karibu vile vile yalivyotoka mdomoni.)

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Na ndugu zangu Wakristo, Bwana asifiwe. Nimewaona mashekhe wawili pale mbele na mchungaji mmoja, karibuni sana, nilikuwa naomba mje kwa sababu kuna maneno yenu humu ndani.

Wanangu, mliniambia niongee kuhusu maisha yangu, vile nilianza unesi, nikaingia ukaunsela, hii habari ya kuandika imetoka wapi na dini inaingia wapi hapo katikati. Nitajaribu. Lakini mjue tangu sasa kwamba kwangu mimi hizo hazikuwa kazi tatu. Ni kitu kimoja tu nilikuwa nakitafuta siku zote, wodini, kwenye mswala na kwenye daftari: mtu mwenye shida aachwe amalize kusema. Kila nilipoona mambo yameharibika hapa kwetu, ukichunguza utakuta kuna mtu alikatwa maneno mahali, aliambiwa nyamaza, aliambiwa hayo ni mashetani, aliambiwa omba tu, au alipewa karatasi ya dawa akaambiwa haya enda nyumbani, na yeye bado hajasema kilichomleta.

Mimi niliingia wodini miaka ya 80. Kenya mgonjwa wa kwanza wa ukimwi alijulikana 1984, na sisi manesi wadogo tulikuwa hatujui lolote zaidi ya tunayosikia redioni na tunayonong'onezana wakati wa chai. Ulipofika kwetu, wallahi niliona mambo. Niliona chakula kinawekwa chini mlangoni kikasukumwa, niliona mume analetwa na ndugu zake wakamwacha benchi hawakurudi. Mpaka Rais Moi anasimama kutangaza kwamba ni janga la kitaifa ilikuwa Novemba 1999, yaani miaka 15 watu wanazikwa na matangani inasemwa alikuwa na kifua, alikuwa na malaria, amerogwa na mke mwenzie. Hakuna anayesema.

Na kuna jambo vijana hamlijui, kuosha maiti. Sisi Waislamu maiti lazima aoshwe, avishwe sanda, aswaliwe, azikwe, na wanaoosha ni watu wa mtaani, ni kina mama na wazee wetu, hawalipwi. Miaka ile waoshaji walianza kuogopa. Mtu amekufa asubuhi, adhuhuri inapita, alasiri inakuja, na ndani watu wanatazamana hakuna anayeinua ndoo. Mwenye kosa hapo ni nani? Mimi sikuwalaumu, kwa sababu hakuna aliyekaa nao akawaeleza. Basi tukaanza kukaa nao. Naenda na glavu za hospitali, naenda na Jik, ile dawa ya kuua vijidudu, tunachanganya na maji mbele yao, tunaonyeshana vile unaziba kidonda kwanza, vile unavaa glavu mbili, vile unamwaga maji ya kuoshea yasitapakae uani, na wao wanauliza maswali yao yote, hata yale ya aibu. Bibi mmoja wa Barani, mwoshaji wa miaka mingi, aliniuliza hivi, mwanangu, nikiogopa wakati naosha, thawabu zangu zinapungua? Nikamwambia hilo si langu, tumuulize shekhe. Shekhe akamjibu kwamba kuosha na huku unaogopa ndiyo kubwa zaidi. Yule bibi aliendelea kuosha mpaka miguu ikakataa. Kwa hiyo mkisikia mtu anawaambia dini na hospitali ni maji na mafuta, mwambieni aende aulize waoshaji wa Malindi.

Huko ndiko nilipoanza ukaunsela, hata kabla sijasomea. Kusomea nilikuja kusomea baadaye, vituo vya kupimwa kwa hiari vilipoanza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 2000 na wakahitaji watu. Kabla ya hapo mtu anatolewa damu inaenda mbali, anasubiri majibu siku na siku, wengine walikuwa hawarudi kabisa. Kilipokuja kile kipimo cha haraka mambo yakageuka, kwa sababu sasa mko wawili ndani ya chumba kidogo na majibu yanatoka mbele yenu.

Nyinyi mnakijua. Unamdunga ncha ya kidole, tone la kwanza unalipangusa kwa pamba, la pili unaliweka kwenye kile kijikaratasi, unatia ile dawa ya chupa ndogo, unaangalia saa. Dakika 15. Mstari mmoja hana virusi, miwili ikitoka unarudia na kipimo cha aina nyingine ndio uthibitishe. Haya, sasa hizo dakika 15 unafanya nini? Nimeona makaunsela wazuri kabisa wanazijaza maneno, wanasoma fomu, wanaeleza kondomu, wanaeleza lishe, na mtu wa watu macho yake yako mezani kwenye kile kipimo, hasikii hata neno moja. Mimi nilikuwa nikisha kueleza yale ya lazima nauliza swali moja tu, ukitoka hapa, mtu wa kwanza utakayeonana naye ni nani? Alafu nanyamaza. Kuna mvuvi mmoja, kijana wa makamo, aliangalia ukutani kitambo alafu akasema, mtu wa kwanza ni mwanangu, huwa ananingoja pale nje kwenye mti. Akaanza kuongea kuhusu huyo mtoto, umri wake, vile anapenda kuvua kaa, na kutoka kwa mtoto akafika kwa mke, na kutoka kwa mke akafika kwenye lile lililomleta, ambalo wala halikuwa kwenye fomu yangu. Majibu yake yalikuwa nini? Hayo ni yake, nitakwenda nayo kaburini, na nyinyi pia mtakwenda na ya watu wenu.

Sasa mashekhe wangu, nije kwenye Ramadhani. Dawa za ARV, zile za kupunguza makali ya virusi, za mwanzo zilikuwa mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12. Hapa Malindi mtu anakula daku saa kumi, kumi na nusu za usiku, na magharibi inaadhiniwa kama saa kumi na mbili na nusu, piga hesabu, hiyo inakaribia saa 14. Kwa hiyo mtu afanye nini? Afungue mchana mbele ya wakwe zake? Akionekana anakunywa maji tu mchana ataulizwa una nini, na akishaulizwa una nini amekwisha. Basi watu walikuwa wanaziweka dawa chini ya godoro mwezi mzima, kimya kimya, wanafunga, na baada ya Idi tunawapokea wodini. Hilo liliniuma kuliko mengi. Mtu anaacha dawa kwa kumpenda Mungu, na Mungu mwenyewe ameshampa mgonjwa na msafiri ruhusa, imo ndani ya Qur'ani, haina ubishi.

Tulikwenda kwa imamu mmoja, mimi na daktari, baada ya isha. Hakutukata maneno, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali ya maana, kwa mfano aliuliza hizo saa mbili zikizidi zinadhuru nani na hazimdhuru nani. Daktari akamwambia lazima kila mgonjwa aangaliwe peke yake, wako wanaoweza kumeza daku na futari na wako wasioweza kabisa. Ijumaa yake alipanda mimbari akasema maneno ambayo mpaka leo namuombea. Hakutaja ukimwi hata mara moja. Alisema mwenye sukari, mwenye presha, mwenye mimba, na kila aliyeambiwa na daktari wake ameze dawa mchana, ana ruhusa, atalipa siku nyingine na asiyeweza kulipa atalisha maskini, na yeyote atakayemuuliza mwenzake kwa nini hufungi huyo ndiye mwenye makosa. Mnaona alivyofanya? Amewafungulia watu mlango bila kumvua mtu nguo. Siku hizi wengi wanameza kidonge kimoja kwa siku, futari inatosha, alhamdulillah, lakini wenye sukari na presha bado wanateseka na jambo hili hili kila mwaka, kwa hiyo mashekhe msichoke kulisema.

Habari ya kuandika sasa.

Kabla dawa hazijawa za bure, na bure katika hospitali za umma ilikuja 2006, kina mama wengi walikuwa wanajua wanaondoka na wanaacha watoto wadogo. Uganda kina mama wanaoishi na virusi walikuwa wameshaanza kuandika vitabu vya kumbukumbu, kila mama anamwandikia mtoto wake: wewe ulizaliwa wapi, baba yako ni nani, babu zako wametoka wapi, ukiwa mdogo ulikuwa unapenda kula nini, uliumwa nini. Jambo hilo likaenea likafika na huku. Mimi nilikuwa nanunua daftari za kurasa 96, zile za jalada gumu, namkabidhi mama nasema andika, na asiyejua kuandika nasema sema, mimi ndio mkono wako.

Nyinyi hamjui kazi hiyo ilivyo. Unakaa na mama kwenye mkeka, uji unapoa, anasema, mwandikie alikuwa hataki kuogeshwa na maji ya moto. Alafu ananyamaza. Alafu anasema, mwandikie shangazi yake wa Mambrui ana kipande chake cha shamba, mikorosho minne, asije akadanganywa. Alafu analia. Hapo wewe usimpige bega ukasema basi basi usilie, mama akilia weka kalamu chini, ungoje, akimaliza kulia ndio anasema lile kubwa. Mara nyingi ndilo lile la baba wa mtoto.

Na nilikuwa nawaambia kina mama, msione hii ni kitu cha wazungu. Mwana Kupona binti Mshamu wa kule Siu, kisiwa cha Pate, hapo juu tu ukipita Lamu, mwaka 1858 alikuwa anaumwa na ana binti mdogo, akamwita, akamwambia alete wino na karatasi, akamtungia utendi mzima wa kumwachia: dini yake, adabu zake, vile aishi na watu. Mgonjwa huyo, mama huyo, Mswahili mwenzenu, na dua zimejaa humo ndani. Kuna maneno yake kuhusu utiifu kwa mume ambayo leo tutabishana naye sana, mimi mwenyewe nabishana naye, lakini tunaweza kubishana naye kwa sababu aliandika. Wangapi waliumwa mwaka ule ule hapo Pate na Lamu na Malindi wakafa na maneno yao tumboni?

Dawa za bure zilipokuja baadhi ya wale mama zangu hawakufa. Mmoja wao, mtoto wake alipomaliza shule ya sekondari alimpa lile daftari na huku yeye mwenyewe mzima amekaa hapo anamenya vitunguu. Mtoto akasoma mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, kwa hiyo ile mikorosho ni yangu kweli? Tulicheka jamani.

Mimi mwenyewe nilianza kuandika kwa sababu nilikuwa silali. Ukisikiliza watu mchana kutwa yale maneno yanaenda nawe nyumbani, yanakaa nawe mezani. Huwezi kumwambia mume, huwezi kumwambia dada, ni siri za watu. Nikawa baada ya isha naandika. Siandiki jina, siandiki mtaa, mvuvi namfanya fundi cherehani, Maweni naigeuza Muyeye, na kinachobaki baada ya kugeuza yote hayo ndicho kilichokuwa kinaninyima usingizi. Nawashauri mfanye hivyo hivyo, lakini kwenye daftari, sio kwenye simu, na tafadhali sana kisa cha mgonjwa kisionekane kwenye grupu la WhatsApp hata kama umeficha jina, Malindi ni ndogo, watu watajua.

Kwenye methadoni, dawa ya kuwatoa watu kwenye heroini, sitakaa sana kwa sababu wengi wenu mnafanya kazi pale, lakini kuna jambo nataka lisikike na viongozi wa dini. Unga, yaani heroini, umeila pwani yetu, Lamu, Malindi, Mombasa, hakuna familia inayoweza kusema haijaguswa. Malindi ilikuwa katika sehemu za kwanza Kenya kutoa methadoni, 2015, na mara tu ilipoanza watu wakasema mnawatoa kwenye unga mmoja mnawatia kwenye mwingine. Nendeni mkaone asubuhi pale dirishani. Kijana anakuja, anataja namba yake, anapewa kipimo chake kwenye kikombe, anakunywa mbele ya mtoa dawa, alafu anaambiwa sema kitu, ili ijulikane amemeza. Wengi wanasema asante. Ile dawa inamshika siku nzima hadi kesho, arosto, yale mateso ya kukosa unga, haimpati, kwa hiyo haamki alfajiri kutafuta cha kuiba, hachangii sindano na mwenzake akapata virusi au homa ya ini. Anaweza kwenda kubeba mchanga, anaweza kumpeleka mtoto shule. Nyinyi mnawaita mateja. Kuna mama zao humu ndani leo, nawaona. Kijana ambaye kwa miaka ameonekana mwizi tu, akiambiwa sema kitu, na kuna mtu anamsikiliza, msidharau jambo hilo.

Haya. Shakahola.

Nilikuwa nimeshastaafu. Aprili 2023 habari zikaanza kutoka, watu wamo msituni huko Shakahola, wameambiwa na mhubiri wao wafunge mpaka wafe ili wakamuone Yesu, hospitali wamekatazwa, watoto shule wametolewa. Kesi ilikwenda kortini, siingii huko. Miili iliyofukuliwa ilipita 400, na ililetwa hapa hapa hospitali yetu mpaka mochari ikajaa, zikaletwa kontena za baridi. Msalaba Mwekundu wakaweka meza ya kutafuta watu waliopotea na makaunsela wakahitajika, na sisi wazee tuliostaafu tukarudi.

Watu walitoka Kenya nzima, wengine hawajawahi kuiona bahari. Wamekaa chini ya hema na picha mikononi. Picha za harusi, picha za vitambulisho zilizokuzwa, picha ya mtoto amevaa yunifomu. Wanatolewa mate ya DNA, wanaambiwa ngojeni, na kungoja kwenyewe kulikwenda mpaka Machi 2024 ndio miili ya mwanzo ikaanza kukabidhiwa familia. Karibu mwaka mzima mtu hajui aweke matanga au asiweke.

Nilikaa na baba mmoja kutoka bara, amepoteza binti na wajukuu. Mtu wa kanisa maisha yake yote. Akaniambia, mama, usinitajie Mungu leo. Mimi mwanamke wa Kiislamu na buibui langu, tasbihi iko mfukoni. Nikamwambia sitamtaja. Tukakaa. Nikamletea chai, akainywa nusu, akaanza kunieleza vile binti yake alianza kubadilika, vile alimpigia simu akamwambia baba sitakuja tena nyumbani, vile yeye alienda polisi, akaenda kwa mzee wa mtaa, akaenda kwa wachungaji wenzake, na kila alipokwenda aliambiwa huyo ni mtu mzima, hayo ni mambo ya imani yake. Alizungushwa na kukatwa maneno mpaka binti akawa kwenye begi la plastiki. Aliongea mpaka alasiri ikapita, na swala yangu niliilipa baadaye, na najua Mwenyezi Mungu aliniona nilipokuwa. Jioni ndio akasema mwenyewe, bila mimi kumuuliza, basi niombee wewe kwa dini yako. Nikaomba. Kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili ili aelewe.

Imani yangu ilikuwa pale tangu asubuhi, ndiyo iliyoniweka kwenye kile kiti. Lakini kama ningemwambia saa tatu asubuhi ni mapenzi ya Mungu, vumilia, yule baba angenyanyuka akaondoka na sijui angeishia wapi. Nawaomba wachungaji na mashekhe, hilo neno vumilia msiwe nalo karibu hivyo mdomoni. Na aliyewaambia watu dawa ni kukosa imani amewaua, hakuna njia ya kulainisha hapo. Sisi tumefundishwa tutafute dawa, ni mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kila ugonjwa umeshushwa na dawa yake.

Na wale waliofukua makaburi? Vijana wa mochari, polisi waliokuwa wanahesabu, manesi waliowapokea walionusurika wakiwa mifupa mitupu? Kuna kijana alikuwa anaingia kwenye kontena kila siku, alinieleza hawezi kulala bila taa. Wale nao walitakiwa wasikilizwe kwa muda mrefu, sio kikao kimoja cha jumla ukumbini alafu soda na mkate. Mkiwa wakubwa kazini kumbukeni wafanyakazi wenu.

La mwisho kabla sijachoka, watu wanaojaribu kujiua. Kwa miaka na miaka mtu akinywa sumu akaokolewa anaamka amekuta askari kitandani, kwa sababu kifungu cha 226 cha sheria kilikuwa kinamfanya mkosaji. Atakuambia nini mtu huyo? Atakuambia niliteleza, nilidhani ni soda. Mwanzo wa 2025 Mahakama Kuu ikasema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Kwa hiyo sasa hamna kisingizio, mgonjwa wa namna hiyo akija, askari asiwe wa kwanza, muwe nyinyi, na familia ikisema tumfiche kwa sababu ni aibu na ni dhambi, waiteni pembeni mkae nao pia.

Na nina ombi kwa wakubwa waliokuja. Chumba cha kaunsela kiwe na mlango. Nimeingia kiliniki nyingi siku hizi, kuna pazia tu, na upande wa pili kuna foleni ya chanjo. Mtu hawezi kusema la moyoni nyuma ya pazia. Mlango wa mbao na viti viwili, fundi wa Kisumu Ndogo atawafanyia kwa wiki moja, tusingoje bajeti ijayo.

Haya, mimi nimesema sana. Yule binti wa nyuma mwenye mtandio wa kijani ameinua mkono tangu nilipokuwa kwenye Ramadhani, mpeni maikrofoni, na asikatwe.